Bomba la Chumba cha Kona

Fundi simu alikuwa ameinama mezani kwake dirishani, lenzi imebanwa jichoni, anachokonoa unga uliojaa kwenye tundu la chaji la simu ya muuza mikate, bomba la uani likakohoa. Likakohoa tena, likatema kutu kidogo, likanyamaza. Kabla hajaweka chini kibanio chake, milango ya vyumba vingine ilikuwa imeshafunguka na ndoo zinagongana.

"Ndiyo yanakuja?" aliuliza jirani wa chumba cha pili, dumu mkononi.

"Sijui, dada. Labda."

"Labda ya leo au labda ya wiki ijayo? Nimeloweka mashuka."

"Labda tu."

Jirani akaliinamia bomba, akalisikiliza kwa sikio moja, akaguna. Halafu akaliacha dumu lake pale pale kwenye foleni na kurudi ndani.

Jambo la bomba hili linahitaji maelezo kidogo, ingawa wapangaji wenyewe wangekushangaa ukiuliza. Bomba kubwa la barabarani lilipasuka zamani, na Idara ya Maji ikaahidi kulitengeneza. Ikaahidi tena. Katika nyumba ile ya vyumba vilivyouzunguka ua, mabomba yote yalikauka isipokuwa moja, lililochomoza kwenye ukuta wa chumba cha kona. Hilo lilitoa maji pale mwanamke anayelala chumba hicho anapoingia kwenye hedhi. Siku zake zikianza, maji yanaanza. Zikiwa nzito, yanatoka kwa kishindo. Zikiisha, bomba linakauka hadi mwezi mwingine. Maji yenyewe yalikuwa safi na baridi, hayana rangi wala harufu, tusianze kuulizana maswali ya ajabu. Watu waliyapikia, waliyaoga na kuyafulia sare za watoto.

Kabla ya fundi simu, katika chumba cha kona alikaa mshonaji mmoja ambaye maji yake yalikuwa hayakosei. Watu walipanga harusi kwa kumtegemea. Umri ulipomfikia, bomba likaanza kuchelewa, likaruka mwezi, likarudi kwa fujo, mwisho likanyamaza kabisa, na mwenye nyumba akamhamishia chumba cha nyuma, kile kinachopakana na choo. Alihamishwa kwa heshima zote, hata kitanda alibebewa. Cherehani yake haikuingia mlangoni, kwa hiyo inakaa nje hadi leo, imefunikwa turubai.

Mwenye nyumba huyo ndiye pia mwenyekiti wa kamati ya maji, na watu walimwita Ndoo Kumi, kwa sababu foleni ilianza na ndoo zake kumi. Alipokuwa anatafuta mpangaji mpya wa chumba cha kona, hakuuliza habari za kazi wala za dini. Alimvuta pembeni mume wa fundi simu, mpishi wa shule na mtu wa aibu sana, akamwuliza kama siku za mke wake zinaeleweka. Mpishi alijibu ndiyo bila kuelewa anaulizwa nini. Ndivyo walivyopata chumba.

Fundi simu alikipenda kwa ajili ya dirisha. Lilikuwa dirisha pana, linatazama barabara, na mtu aliyeangusha simu yake angeweza kusimama pale na kulia shida zake bila kuingia ndani. Aliweka meza, taa ya kupinda na kibao alichokiandika kwa mkono. Wateja wakamjua. Chumba kingine chochote katika nyumba ile kilitazama uani tu, na uani hakuna mpita njia.

Aliposhika mimba, bomba lilikauka, na watu walivumilia vizuri. Walifuata maji kisima cha mbali, wakirudi wanampa hongera huku wanahema. Akajifungua binti. Alipoteza damu nyingi mno siku ile. Alilala kwenye meza ya kujifungulia akiwa ameshawaaga watu wake kichwani, mmoja mmoja, hadi wateja. Daktari akamwambia apumzike miaka miwili kabla ya kufikiria mwingine. Hakuhitaji kuambiwa mara ya pili. Akachoma sindano ya kupanga uzazi, ile ya kila miezi mitatu, na mumewe akakubali kwa moyo mmoja. Walikubaliana tu wasimwambie mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa na sweta. Alilifuma mwenyewe, la njano, la mtoto mchanga, na halikuwa la mjukuu aliyekwishazaliwa. Lilikuwa la mjukuu wa pili. Kila akipiga simu alitaja limefikia wapi: mkono wa kushoto, shingo, vifungo.

Basi sindano ikafanya kazi yake, na bomba likachanganyikiwa. Lilidondosha matone wiki nzima bila kujaza hata sufuria. Likakauka. Likadondosha tena. Siku moja lilimwaga maji ya nusu ndoo katikati ya chakula cha mchana, watu wana mikono yenye mafuta, likafunga kabla mtu hajafika. Wapangaji wakaanza kulala sikio moja wazi. Ndoo Kumi alikuja dirishani, akaegemea kibao.

"Mwanangu, kuna nini? Hata Idara, ubaya wao wote, walikuwa wanatoa taarifa."

"Mimi mwenyewe sipati taarifa, mzee," alisema fundi simu. "Ningeipata ningekuambia."

Halafu bomba likakauka kabisa. Mwezi ukapita, na mwingine ukafuata. Ua ukatulia, na watu wakaanza kutabasamu. Jirani wa chumba cha pili alimletea mayai. Muuza mikate alikataa chenji. Mshonaji peke yake ndiye hakutabasamu. Alimtazama, akatikisa kichwa, akaendelea kufumua mshono. Fundi simu alikuwa hajaelewa bado, hadi alipomwona mama mkwe anashuka kwenye teksi na begi kubwa, sweta la njano limetokeza juu.

"Nimesikia bomba limekauka!" mama mkwe alipaza sauti tangu barabarani. "Hongera, mwanangu! Hongera sana!"

Mpishi alikumbuka ghafla kuwa kuna maharage ameyaacha jikoni shuleni, akaondoka. Ilikuwa Jumapili.

Fundi simu alimketisha mama mkwe kitandani, akampa chai, akamwambia ukweli wote. Hana mimba. Amechoma sindano. Aliogopa kufa mara ya kwanza na bado anaogopa. Anataka kumlea huyu mmoja akiwa hai. Aliyasema yote kwa pumzi moja huku anapangusa skrini ya simu ya mtu ambayo ilikuwa safi tayari.

Mama mkwe alilikunja sweta taratibu, akalirudisha begini.

"Sindano ya kukausha," alisema. "Sisi hatukuwa na mambo hayo. Mimi nilizaa, nikamaliza, nikashukuru. Sasa damu yote hiyo imekwenda wapi? Imejaa tumboni?"

"Haijajaa, mama."

"Unajuaje? Wewe ni fundi simu." Akavua viatu, akavipanga chini ya kitanda. "Mimi sitoki hapa mpaka akili zenu zirudi."

Akakaa. Alilala kitandani na mkwewe na mjukuu, na mpishi aliporudi kutoka kwenye maharage yake alikuta amewekewa mkeka. Hakulalamika.

Maneno ya sindano yalipenya dirishani, na hofu ile ile ya mama mkwe ikamwingia Ndoo Kumi, ila yeye aliogopea ukuta. Alizunguka anaugonga kwa vidole kusikia kama maji yamejaa ndani. Alikuwa na hakika nyumba itapasuka. Ndipo akaitisha kikao cha kamati uani, na fundi simu naye akamleta muuguzi wa kliniki, mwanamke mnene mwenye kicheko, aliyekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kwa sababu viti havikutosha.

"Kila mwezi," alisema muuguzi, "mji wa mimba unajitandikia ndani. Matandiko laini, yenye damu, ya kupokea mimba. Mimba isipoingia, matandiko yanabanduka na kutoka. Hiyo ndiyo hedhi. Sasa sindano inazuia yai lisitoke, na inafanya matandiko yawe membamba. Mwanzoni mwili haujazoea, kwa hiyo yanabandukabanduka hovyo: matone leo, kesho hakuna, keshokutwa tena matone. Baadaye, kwa wanawake wengi, hakuna kinachotandikwa, kwa hiyo hakuna cha kutoka. Akiacha sindano, siku zake zitarudi. Zinaweza kuchelewa miezi kadhaa, lakini zitarudi."

"Kwa hiyo hayajajaa mahali?" aliuliza Ndoo Kumi, kiganja bado kiko ukutani.

"Hayajajaa popote, baba. Hayakuwepo."

Ndoo Kumi akauondoa mkono ukutani, akaupangusa kwenye suruali.

"Na msidhani ni sindano tu," muuguzi aliendelea, maana alikuwa ameshanogewa. "Hata asiyetumia kitu chochote siku zake zinaweza kuyumba. Msichana anayeanza, mama anayenyonyesha, mtu mwenye mawazo, aliyekonda ghafla, anayekaribia kukoma. Mimi ninachokimbilia ni damu inayolowesha pedi juu ya pedi bila kupumzika, maumivu makali, au siku kukosekana kwa mtu asiyetumia njia yoyote. Huyo tunampima mimba kwanza, ndipo tunaongea."

Mama mkwe, aliyesimama mlangoni na mjukuu mgongoni, aligeuka akaanza kutafuta kitu ndani.

"Dada muuguzi," aliuliza jirani wa chumba cha pili, "hakuna njia nyingine ambayo haikaushi?"

Muuguzi alijibu kama anavyojibu kliniki, bila kufikiri yuko wapi. "Zipo. Vidonge vya kila siku, vile vya kawaida, vinampa mwanamke damu kidogo, kwa utaratibu unaoeleweka. Na kitanzi cha shaba, kile kinachowekwa ndani ya mji wa mimba, hakina homoni, kwa hiyo mzunguko unabaki wake mwenyewe. Ila kwa wengi damu inaongezeka, hasa miezi ya mwanzo."

Neno "inaongezeka" likapita uani kutoka mdomo hadi mdomo.

"Wanaounga mkono kitanzi?" alisema Ndoo Kumi.

Mikono ikanyooshwa. Ilinyooshwa mingi, na kwa moyo mweupe kabisa. Hakuna aliyemchukia fundi simu katika ua ule. Mpishi aliinua mkono kujikuna kichwa, naye akahesabiwa.

"Ngojeni," alisema muuguzi. "Mnapigia kura mji wa mimba wa mtu?"

"Tunapigia kura maji," alisema Ndoo Kumi.

"Huyu alipungukiwa damu wakati wa kujifungua. Mimi simwekei kitu cha kumtoa damu zaidi kwa ajili ya ndoo zenu. Na vidonge vile havimfai, presha yake inapanda. Sindano inamfaa. Na ingekuwa haimfai, angesema yeye."

Wote wakamgeukia fundi simu. Alikuwa amesimama karibu na bomba, lenzi yake bado imening'inia shingoni.

"Ninabaki na sindano yangu," alisema.

Ndoo Kumi alisikitika kweli. Alimwambia kwa upole kuwa hakuna anayemlazimisha mtu, Mungu apishe mbali, lakini chumba cha kona ni cha maji, na mwezi ukiisha itabidi akipishe. Kuna chumba kingine nyuma, jirani na mshonaji. Kina giza kidogo. Kitanda watambebea.

Siku zilizofuata fundi simu alitengeneza simu kwa haraka, kana kwamba dirisha litaondoka na wateja wakiwa bado wamesimama. Mpishi alizunguka mitaa ya jirani kutafuta chumba chenye dirisha la barabarani, akarudi kila jioni na mikate na uso wa pole. Mama mkwe alifua, alipika, alimwogesha mjukuu kwa maji ya kisima, na mara mbili fundi simu alimkuta ameketi kitandani ameshika tumbo chini ya kitovu, akasema ni gesi.

Asubuhi moja bomba lililipuka.

Halikukohoa wala halikutema kutu. Lilimwaga maji kwa nguvu hata likaangusha ndoo ya mbele, na ua mzima ukatoka nje na mswaki mdomoni. Watu walicheka, walipigana vikumbo, walijaza kila kilichoweza kujazwa, hadi beseni la mtoto na kofia ya pikipiki ya mtu. Ndoo Kumi alifika amevaa kiatu kimoja.

"Mwanangu!" alimwambia fundi simu. "Nilijua huwezi kututupa!"

"Si mimi, mzee."

"Si wewe?"

"Si mimi. Niko mkavu kama jana."

Maji yaliendelea kumwagika. Mmoja mmoja, watu wakafikiri ni nani mwingine analala chumba cha kona, wakaacha kumtazama mpishi, ambaye alikuwa ameshika ndoo mbili, wakatazama mlangoni. Mama mkwe alikuwa amesimama pale, shuka amejifunga kiunoni.

"Mimi nilishamaliza," alisema.

Bomba likaongeza kasi.

"Nilimaliza!" alisema kwa sauti ya juu zaidi, akilielekea bomba lenyewe.

Kule nyuma mshonaji alianza kucheka. Alicheka hadi akashika cherehani. "Shoga yangu, na mimi nililiambia hivyo hivyo! Lilinisema mbele ya watu mwaka mzima!"

Mama mkwe aliingia ndani, akafunga mlango. Baada ya muda mlango ukafunguka upenyo mdogo, na sauti yake ikatoka, ya chini, si ile ya kwenye teksi.

"Mwanangu. Una pedi?"

Fundi simu alimpelekea. Alimchemshia maji, akayatia kwenye chupa, akaifunga kwa taulo na kumwekea tumboni. Walikaa kitandani huku mtoto anavuta vifungo vya sweta la njano. Dirishani akatokea Ndoo Kumi, amechana nywele na kuvaa kiatu cha pili.

"Shikamoo, mama. Pole na usumbufu. Kamati imenituma kuuliza, tukisema hadi Ijumaa, tutakuwa tumekosea? Na mwezi ujao, mama, unatarajia lini hasa?"

Mama mkwe alimtazama mpaka akarudi nyuma hatua moja. Halafu akamgeukia mkwewe.

"Ndivyo anavyokuuliza?"

"Kila mwezi, mama."

"Dirishani? Na wateja wako hapo?"

"Wengine wanangoja jibu na wao."

Mama mkwe alimshika mkono. Aliushika muda mrefu, na macho yake yakajaa maji, ambayo hayakuwa na uhusiano na bomba. "Nisamehe, mwanangu," alisema. "Nilikuja kukuuliza hayo hayo, ila mimi nilikuja na sweta."

Ni katika saa hiyo hiyo alipofika afisa wa Idara ya Maji. Wapangaji walikuwa wameandika malalamiko miaka mingi, na sasa zamu yao ilikuwa imefika. Alikuwa kijana nadhifu, mwenye viatu vya kung'aa, na alisimama mbele ya bomba linalomwagika akiwa ameridhika.

"Maji si yanatoka?"

"Yanatoka," alisema jirani wa chumba cha pili, "lakini hayo ni ya mama mkwe."

"Ya nani, hilo ni la kwenu. Mimi nakagua kama yanatoka." Akaomba glasi, akanywa, akasifu ubaridi wake. Walimweleza habari za hedhi, sindano na bomba la barabarani lililopasuka, na alisikiliza yote bila kushangaa. Alisema mitaa mingi wanafanya hivyo. Akaandika kuwa huduma imerejea, akawashukuru kwa ushirikiano, na faili la mtaa ule likafungwa.

Maji yalipotulia, mama mkwe na mkwewe walikwenda kliniki pamoja, mtoto katikati. Muuguzi alimwuliza mama mkwe ni lini aliona damu mara ya mwisho kabla ya hii.

"Wakati wa harusi ya mpwa wangu."

"Mwaka haujaisha tangu harusi hiyo. Keki nilikula mimi mwenyewe. Basi hujamaliza, mama. Unakaribia. Siku zinarukaruka, zinapotea, zinarudi kwa nguvu, ndivyo zinavyoaga. Mpaka upitishe mwaka mzima bila kuona kitu, hesabu kuwa bado unaweza kushika mimba. Na baba yupo?"

"Yupo," alisema mama mkwe. "Sana."

Muuguzi alilitazama sweta la njano, ambalo mtoto alikataa kuliacha nyumbani. "Na hilo dogo hivi, ulimfumia nani?"

Mama mkwe akaanza kucheka. Alicheka hadi akajishika mbavu, fundi simu naye akashindwa, na kina mama waliokuwa kwenye benchi la nje wakacheka bila kujua kisa. Daktari alimkagua mama mkwe kwanza kuhakikisha hakuna tatizo jingine, akamwambia yuko salama. Mama mkwe akaelezwa njia zote, akauliza maswali mengi kuliko msichana yeyote aliyewahi kukaa kiti kile, akachagua vijiti, vile vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono. Alimpigia mumewe simu pale pale kumwarifu. Hakumwomba ruhusa.

Hakurudi kwake mwezi ule, wala uliofuata. Alisema mjukuu anamhitaji. Na kwa kuwa chumba cha kona sasa kilikuwa na wanawake wawili, mmoja wa sindano na mmoja wa vijiti, bomba likawa linadondosha karibu kila mara, kidogo kidogo, bila ratiba. Kamati ilijadili, ikaona matone ni bora kuliko ukuta mkavu, na habari ya kuhama haikutajwa tena. Fundi simu akabaki na dirisha lake. Alinunua balbu mpya ya ile taa, akaandika kibao upya kwa rangi nyekundu, na asubuhi ya kwanza alipokiinua aliimba kwa sauti, jambo ambalo majirani walikuwa hawajalisikia tangu ajifungue. Mama mkwe alilivisha bomba lile sweta la njano ili matone yasimpigie mtoto kelele akiwa amelala. Lilikaa vizuri, hata vifungo vilifika.

Ndoo hazikuondoka uani. Zilipangwa ukutani kama zamani, na Ndoo Kumi aliendelea kupita kila asubuhi.

"Hamjambo humo ndani? Kuna chochote?"

"Idara ya Maji iko mjini, mwanangu," mama mkwe alimjibu. "Sisi tunakunywa chai."

Ndoo Kumi alicheka, maana alikuwa mtu wa kucheka na hakuwa na kinyongo. Akasimama kidogo anatazama matone yanavyochuruzika kwenye sufu ya njano. Mtoto alikuwa anatambaa kati ya ndoo, anaingiza mkono katika moja na kuutoa, anaingiza katika nyingine.

"Na huyu mjukuu," aliuliza Ndoo Kumi kwa upole wake wa siku zote, "ana umri gani sasa?"

Fundi simu aliweka kibanio chini. Akatoka nje, akambeba binti yake, akaingia naye ndani na kufunga mlango. Ndoo zilibaki kwenye foleni.